Maji ya Kogo Hayakai Garini

Maji yakimwagika huzoleka. Wanaosema hayazoleki hawajawahi kuegesha gari uwanjani kwa Tecla Chepchirchir, pale Kapsirichet, bondeni chini ya barabara ya lami iendayo Sotik. Tecla alikuwa na Toyota DX kuukuu, ya rangi ya chai iliyozidi maziwa. Maji ya gari hilo yalimwagika kila alfajiri, yakajizoa yenyewe, yakaenda zake.

Asubuhi ya Jumanne moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa la zizi, Tecla alikuwa akifuta vifuniko vya mikebe ya maziwa kwa kitambaa cha maji moto. Alichungulia chini ya gari, akaona dimbwi pana kama ungo. Dimbwi lilitulia kidogo, kama abiria aliyeshuka na anayenyoosha miguu. Kisha likatoa mkono mwembamba, likaanza kupanda mlima.

Lilipita kando ya zizi, likajipenyeza chini ya ua wa michongoma, likafuata njia ya miguu hadi barabarani. Hapo lilisimama. Lori la majani ya chai lilipita, na pikipiki nyuma yake, ndipo maji yakavuka. Upande wa pili kulikuwa na lango la shamba la chai la kampuni. Askari wa lango, Kipngeno, aliyaona yakija, akainua kizuizi. Hapakuwa na haja ya kuinua kizuizi, kwa kuwa maji yangepita chini yake bila kuinama, lakini Kipngeno alilelewa vizuri na mama yake.

Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi ile mvua hunyesha kila alasiri juu ya mashamba ya chai na kuruka boma la jirani kana kwamba imekosana naye, na watu wameshazoea kwamba maji yana tabia zake. Kilichomsumbua Tecla ni kwamba gari lilibaki kavu, na maziwa hayangoji.

Yeye ndiye aliyebeba maziwa ya akina mama wote wa Kapsirichet kuyapeleka kwenye kituo cha kupoza maziwa, ng'ambo ya shamba la kampuni. Alikatiza kwa barabara ya ndani ya shamba, katikati ya michai, akafika kabla jua halijapata nguvu. Siku hizi injini ilikuwa ikichemka njiani. Alisimama, akasubiri ipoe, na mikebe ikapata joto. Mwezi huo maziwa yalikuwa yamekataliwa na kurudishwa, na si mara moja. Janeffer, mwenyekiti wa akina mama, ambaye pia ndiye aliyepima maziwa kituoni, alimweleza kwa upendo.

"Tecla, dada yangu, maziwa ikirudi tena tutatafuta gari ingine. Mimi nakupenda. Lakini ng'ombe hawajui mambo ya kupenda."

Kwa hiyo Tecla alilijaza gari maji ya kutosha kufika njia panda, akaenda kwa fundi.

Ni lazima isemwe maji yenyewe yalitoka wapi. Marehemu baba yake Tecla alilinunua gari hilo likiwa bado na nailoni kwenye viti. Alipolifikisha nyumbani, nyanya yake Tecla, Kogo Chepyegon, aliketi mbele ya gurudumu la mbele akakataa kuondoka. Alisema mtamba ukinunuliwa mbali hunyweshwa kwanza maji ya nyumbani, ndipo usipotee. Na hiki kitu chenye pembe za kioo kingepotea upesi zaidi, maana kina mbio kuliko mtamba. Maji ya nyumbani, kwa Kogo, yalikuwa ya chemchemi moja tu, ile iliyo juu mlimani pale alipozaliwa. Juu mlimani sasa palikuwa chai. Kogo alikuwa msichana mdogo kampuni ilipokuja na vigingi vyake, ikawaambia watu washuke bondeni pamoja na ng'ombe wao, nao wakashuka, na waya ukapigwa nyuma yao.

Askari wa lango wa siku hizo, baba yake Kipngeno, alipitisha mtungi mmoja wa maji kwenye mwanya wa waya. Gari likanywa. Kipngeno alirithi kwa baba yake kazi, filimbi na ule mwanya. Tangu siku hiyo hadi leo, hakuna tone la maji mengine lililoingia kwenye gari lile. Kulanti, yale maji ya rangi ya madukani yanayozuia chuma kisiliwe, Tecla aliyasikia tu kwa watu wa Kericho mjini, kama mtu anavyosikia habari za bahari.

Fundi wa njia panda aliitwa Phelix Ooko. Alizaliwa mle mle shambani, katika nyumba za wafanyakazi, wazazi wake walipokuja kutoka ziwani kuchuma chai. Alikuwa na sauti iliyotangulia mwili wake kwa hatua kadhaa. Alifungua boneti, akatazama, akaifunga, akaifungua tena.

"Mama Nelvine," alimwambia Tecla, akimwita kwa jina la mwanawe, "hii bado unaiita gari?"

"Ooko, fungua kwanza. Matusi baadaye."

"Nani aliishika mara ya mwisho?"

"Kiplangat wa Sotik."

"Kiplangat! Alitoa thamostati akatupa, ama nasema uongo?"

"Alisema ni kitu ya wazungu. Kwamba Afrika iko na joto yake, injini haihitaji kufungiwa maji."

"Joto? Hapa?" Phelix alivuta kola ya sweta yake kumwonyesha sweta nyingine chini yake. "Huyo Kiplangat huwa anaishi wapi, Lodwar? Injini yako imekuwa ikitetemeka asubuhi kama mtoto wa shule ya bodingi, mama. Thamostati inafunga maji mpaka injini ipate joto, halafu inafungua. Ni mlango. Mtu anatoaje mlango kwa nyumba yako na unamwambia asante?"

"Sikumwambia asante."

"Afadhali."

Alilegeza boliti za hausingi ya thamostati, kile kikombe cha alumini juu ya injini ambapo mpira wa juu wa rejeta huingia. Boliti moja ilikataa. Phelix aliimwagia mafuta, akaigonga kwa upole, akaiimbia kidogo wimbo wa kanisani, ikakubali. Aliing'oa hausingi akaishika juani. Alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe kama chokaa, na ukingoni palikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole.

Alipitisha kidole tunduni, akafuata ukingo wake.

"Kutu iko na tabia yake," alisema. "Inakula kama mbuzi, hapa kidogo, pale kidogo. Hii imekula mahali pamoja, kwa mstari, kutoka ndani. Hii ni kama mtu alikuwa anachimba atoke."

"Atoke aende wapi?"

Phelix aliinua spana akaielekeza juu mlimani, bila kugeuka kutazama.

Kazi ni kazi. Alipata hausingi nyingine kwenye gari bovu la aina ile ile huko Kericho. Alikwangua uso wa injini kwa wembe mpaka ukang'aa, akaisugua hausingi juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo ili ikae sawa, akakata gasketi mpya, akanunua mpira mpya wa juu. Thamostati mpya aliijaribu nyumbani kwake, nyuma ya gereji, katika sufuria iliyokuwa jikoni. Mkewe Loice alitoka na mwiko.

"Ooko! Hiyo ni sufuria ya ugali!"

"Ni maji tu, mama watoto."

"Na hicho chuma ndani?"

"Hicho kinapima joto. Ngoja uone."

Maji yalipokaribia kuchemka, thamostati ilifungua mdomo polepole, kama kifaranga. Loice aliinama akatazama mpaka ikafunguka yote.

"Ni kizuri," alisema. "Hiyo ugali utaanza kula wewe."

Jioni Tecla alileta mtungi kutoka kwenye mwanya wa Kipngeno, wakalijaza gari. Halikudondosha hata tone. Asubuhi, hausingi mpya ilikuwa na tundu safi la mviringo mzuri, na maji yalikuwa tayari barabarani, yakisubiri lori lipite.

Phelix hakukasirika. Alitafuta hausingi nene zaidi, ya chuma cha kusubu, akalazimika kuichonga ili ikae. Maji yaliichimba pia. Yalichelewa kidogo, yakaondoka adhuhuri wakati watoto wa shule wakienda kula, na wale watoto wakayasindikiza hadi barabarani wakiimba.

"Huko kwetu ziwani," alisema Phelix, akifuta mikono, "maji yanajua kukaa. Ziwa halijawahi kuenda mahali."

"Kwenu ziwani umeenda lini mara ya mwisho?"

"Matanga ya mjomba. Nikapotea njia."

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakiendelea juu, katikati ya michai. Maji hayo hayakwenda moja kwa moja hadi chemchemini. Yalisimama njiani, hapa na pale, jinsi mtu aliyekuwa safarini kwa muda mrefu anavyopiga hodi kwa kila jirani. Na kila yaliposimama, ardhi ilifunguka kidogo, na mafiga matatu yakapanda juu, meusi kwa masizi, yamekaa kwa mpango wa kubeba chungu.

Monicah Atuti, mchumaji chai, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona. Aliyagusa, akayakuta yana moto. Alitua kikapu, akateleka sufuria yake ya maharagwe, akaendelea kuchuma, na wakati wa kupumzika ulipofika maharagwe yalikuwa yameiva. Kufikia mwisho wa wiki kila mchumaji alikuwa na jiko lake. Mashine ya kuchumia chai ilipofika hapo iliyazunguka, kwa sababu visu vyake ni vya bei.

Wazee wa Kapsirichet walipanda hadi kwenye waya, wakasimama upande wao, wakawa wanayataja majiko kwa majina. Lile la chini ni la mhunzi. Lile lenye jiwe moja lililopasuka ni la mama wa mapacha. Lile karibu na chemchemi, chini ya mti uliokatwa, ni la wazazi wa Kogo Chepyegon. Walicheka sana. Mzee mmoja alikumbuka kwamba kwa mhunzi palikuwa na mbwa mkali, na kweli mbwa akabweka.

Kampuni ilikuwa na bango langoni, la rangi ya kijani, lililosema kwamba kabla ya chai mlima huo ulikuwa msitu usio na watu. Bango lilikuwa limeshapakwa rangi mwaka huo huo, na kulifuta ni hasara. Kwa hiyo meneja aliamuru vibao vidogo vipigwe kando ya kila jiko: MAWE YA ASILI. USIKALIE. Wachumaji walivisoma, wakakalia mawe, wakala.

Meneja aliitwa Johana. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye gambuti safi kuliko za mtu yeyote katika wilaya nzima, na alikuwa mwenyeji wa pale pale. Jiko la kogo wake liliibuka karibu na ghala la mbolea. Alilizunguka kila asubuhi kwa gari lake, bila kupiga honi.

Jumatano ya wiki iliyofuata alishuka kwa Tecla.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising, Bwana Johana. Keti. Chai ni hii."

Johana aliketi, akanywa, akaisifu chai, kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, maji ya gari yako inaingia kwa shamba ya kampuni bila ruhusa."

"Inatoka huko huko. Inarudi tu."

"Na ilitoka kwa ruhusa ya nani?"

Tecla alimfikiria Kipngeno, watoto wake wanne, na ule mwanya.

"Ilikuwa huko kabla ruhusa haijakuja," alisema.

Johana alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na hali ya hewa. Alieleza kwamba wakubwa wake walikuwa wameuliza kuhusu mawe. Alieleza kwamba jambo lenyewe linaweza kuisha vizuri. Ijumaa, watu wakikusanyika kwenye kituo cha maziwa, Tecla asimame mbele yao aombe msamaha. Aseme gari lake ndilo lililoharibu shamba, na kwamba yale mawe aliyabeba yeye mwenyewe akayapanga mle kwa utani. Akikubali, barabara ya ndani itabaki wazi kwake na maziwa yake. Asipokubali, kuanzia sasa lango limefungwa.

"Ni neno moja tu, mama. Pole. Hata mtoto anaweza kusema."

"Basi ungemtuma mtoto."

Johana alicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha akamaliza chai, akashukuru, akaenda kufunga lango.

Bila lango, njia ilikuwa moja: kuzunguka kwa barabara ya murramu, kupanda mlima wa Chebirir ambao hata punda huufikiria kwanza. Gari lenye kuvuja lisingefika nusu yake. Maziwa ya safari ijayo, ya Ijumaa, yangechacha, yangerudi, na Janeffer angetafuta gari lingine kama alivyoahidi. Tecla alijua hivyo alipokuwa anashuka kwenda njia panda, na Phelix alijua alipomwona anakuja kwa miguu.

"Mama Nelvine, dawa iko moja, na hutaipenda," alisema. "Tuweke kulanti."

"Maji ya duka?"

"Maji ya duka."

"Kogo alisema isiwekwe maji ingine."

"Kogo alisema gari ikinywa maji ya nyumbani haitapotea. Imewahi kupotea?"

Tecla alifikiri. Gari lilikuwa limefika Kericho, Soin, Bomet na mara moja Kisumu, usiku wa mvua, na kila mara lilirudi.

"Haijawahi."

"Basi kazi ya maji imeisha. Imekaa kwa hii injini miaka yote, inachemshwa, inapozwa, inachemshwa. Sasa imechoka, inataka kwao. Ukiifungia itatoboa kila kitu, hata ukiniletea hausingi ya dhahabu. Kulanti haina kwao. Imezaliwa kwa kiwanda. Ni kama mimi. Ukiipatia mahali inakaa, inafanya kazi, haisumbui mtu."

"Wewe hausumbui mtu?"

"Nasumbua kidogo."

Tecla alicheka mpaka akajishika kwenye boneti. Kisha akasema kwamba maji yasimwagwe pale gereji kama uchafu. Atayafungulia mwenyewe, uwanjani kwake, asubuhi, na atayasindikiza.

Alhamisi alfajiri Phelix alilaza karatasi ya boksi chini ya gari, akamwonyesha koki iliyo chini ya rejeta na boliti iliyo ubavuni mwa injini. Tecla alifungua. Maji yalitoka ya kahawia kwanza, mazito kwa kutu, kisha ya rangi ya majani makavu, kisha maangavu kabisa. Yalijikusanya pamoja uwanjani, yakasubiri tone la mwisho, ndipo yakaanza safari. Tecla alijitupia leso mabegani, akavaa gambuti, akaenda nayo.

Walisalimiana na watu njiani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikamua ng'ombe aliuliza, "Mnaenda?" na Tecla akajibu, "Tunasindikizana." Barabarani walisubiri lori lipite, yeye na maji, bega kwa bega kama inavyowezekana.

Langoni Kipngeno aliinua kizuizi. Maji yakapita. Tecla akainua mguu, na kizuizi kikashuka polepole mpaka usawa wa kifua chake, bila kumgusa.

"Pole, senge," alisema Kipngeno, ambaye alimheshimu kama shangazi wa upande wa baba. "Nimeambiwa kuhusu wewe. Kuhusu maji sijaambiwa."

"Najua, mwanangu. Shikilia kazi yako."

Alisimama hapo, mikono juu ya kizuizi. Aliyaona maji yakipanda kati ya michai, yakipita kwa mhunzi, yakipita kwa mama wa mapacha, bila kusimama tena, kwa kuwa yalikuwa yameshawasalimia wote. Yalifika kwenye jiko la chini ya mti uliokatwa. Moshi ukapanda. Mwanamke mzee aliyekuwa ameinamia mafiga akipuliza moto aliinua kichwa, akaweka mkono juu ya macho, akatazama langoni. Alikuwa Kogo Chepyegon, aliyezikwa bondeni miaka mingi iliyopita kwa sababu mlimani hapakuruhusiwa kuzika mtu.

"Mmefika?" Tecla aliita.

"Tumefika!" Kogo aliitikia. "Na wewe?"

"Mimi niko hapa nje."

Kogo aliutazama waya, kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake.

"Haya," alisema, akarudi kwenye moto wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata alipokuwa hai.

Tecla alishuka nyumbani. Phelix alikuwa amesuuza injini kwa maji ya mvua, ambayo hayakutaka chochote, akafunga hausingi mpya, gasketi mpya, boliti zote zikiwa zimepakwa grisi. Walilisukuma gari mpaka pua yake ikatazama mlima, ili hewa ipande itoke, wakamimina kulanti ya kijani taratibu, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na injini ikinguruma. Mapovu yalitoka, yakapungua, yakaisha. Phelix alishika mpira wa juu: baridi, baridi, kisha moto ghafla.

"Mlango umefunguka," alisema.

Karatasi ya boksi chini ya gari ilibaki kavu mchana kutwa. Ijumaa asubuhi ilikuwa bado kavu. Tecla aliipapasa kwa kiganja, akaigeuza, akaipapasa upande wa pili.

Akina mama walipakia mikebe. Phelix alikaa mbele na mtungi wa akiba mapajani, akiogopa aibu yake mwenyewe kama si ya gari.

"Ukisikia imechemka ruka nje, Ooko!" walimtania. "Ufike kwa miguu useme maziwa inakuja!"

"Nikifika kwa miguu nitakuwa nimebeba mkebe mmoja kichwani na wewe mgongoni!"

Mlima wa Chebirir ulianza kama kawaida yake, kwa mawe, ukaendelea kwa makorongo. Tecla aliingiza gia ya kwanza akaiacha humo humo. Sindano ya joto ilipanda. Ilifika katikati ya kipimo. Tecla aliitazama kwa jicho moja na barabara kwa jicho la pili. Sindano ilitikisika kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kitini, ikabaki hapo. Walipita kona ya punda. Walipita mahali ambapo lori la kokoto lilikuwa limelala tangu Jumatatu, dereva wake akiwa ameketi kivulini akila miwa. Sindano haikuondoka katikati. Phelix alinyoosha mkono akazungusha kitufe cha hita, na kwa mara ya kwanza tangu mikono ya Kiplangat, hewa moto ikaja miguuni.

"Sweta moja naweza kutoa," alisema.

Jua lilikuwa bado changa walipoingia kituoni. Janeffer alifunua mkebe wa kwanza, akanusa, akatumbukiza kipimo, akachanganya tone na dawa yake kwenye kikombe kidogo, akatazama kama maziwa yataganda. Hayakuganda. Alifunua wa pili, na wa tatu, akiwa na uso wa mtu asiyejuana na yeyote. Mwishowe alipangusa mikono kwenye aproni.

"Iko sawa yote. Ingizeni." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimeanza kuulizia gari ingine. Nitawaambia wasahau."

Lakini mikebe haikuingia mara moja, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Johana na gambuti zake safi. Nyuma yake walikuwa wamepangwa viti vya plastiki, na wakulima wameketi, na mtu alikuwa ameazima kipaza sauti cha kanisa. Johana aliwasalimia wote kwa heshima. Alisema kwamba kampuni ni jirani mwema. Alisema kwamba mawe yanabaki mawe, waya unabaki mahali pake, vibao vimeshapakwa rangi ya pili, na kwamba lango linaweza kufunguliwa leo hii, mchana huu, kwa neno moja. Kisha akampa Tecla kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

Kutoka pale kituoni mlima ulionekana wote, kijani kitupu kilichokatwa sawa kama nywele za mwanafunzi, na katikati yake nyuzi nyembamba za moshi zilipanda kutoka kwa kila jiko, ndani ya waya.

Tecla alikipuliza kipaza sauti kuhakikisha kinafanya kazi.

"Siombi msamaha," alisema, ili na walioketi nyuma wasikie. "Leo siombi, na kesho siombi. Bwana Johana, sogea hapo mlangoni, maziwa ipite."